Kuuchunga Ulimi Katika Damu Isiyohukumiwa Bado

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu wa Tanga na Pangani na Mtang'ata na Mrima wote huu, niliombwa na jamaa wa msikitini niandike maneno machache juu ya jambo hili, nami nikakawia. Sikukawia kwa kuwa hukumu yake imefichika, bali kwa kuwa kila mwenye kuligusa hupata lawama kwa pande mbili: akisema, huambiwa ni mchochezi; akinyamaza, huambiwa amenunuliwa. Nalikaa hivyo hata nikaona kwamba kunyamaza kwangu nako kumekuwa ni kusema, basi nikatwaa kalamu.

Mwayajua yaliyompata marehemu Ali Mohamed Kibao, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mjumbe wa sekretarieti ya chama cha CHADEMA, na mtu wa kwetu. Siku ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, alipanda basi Dar es Salaam kuja Tanga kama tupandavyo sisi sote, na basi lilipofika Tegeta likasimamishwa na watu wenye silaha, wakamteremsha mbele ya abiria wenziwe wakaenda naye. Siku ya pili yake maiti yake ilionekana Ununio, pwani ya kaskazini ya mji ule. Mwenyekiti wa chama chake wakati ule, Freeman Mbowe, akatangaza kwamba maiti ilikuwa imepigwa sana, na usoni imemwagiwa tindikali. Rais Samia Suluhu Hassan akayalaani mauaji yale, akaviamuru vyombo vya uchunguzi vimletee taarifa kamili. Siku ya Jumatatu, tarehe 9, tukamzika hapa Tanga. Na waziri mwenye dhamana ya polisi alipokuja mazikoni watu wakampigia makelele, wala mwenye akili hakuuliza kwa nini.

Kaburi halijakauka, ndimi zilikwisha hukumu. Wengine walisema waliomwua ni hawa, wengine wakasema ni wale, na wakatokea watu wa tatu, hao ndio waliokuwa wabaya zaidi, wakaanza kumchimba marehemu mwenyewe wakitafuta alilolifanya hata akastahili kuuawa. Sitayaandika hapa majina yaliyotajwa wala makundi yaliyoshutumiwa. Kuiandika tuhuma ili kuikanusha ni kuieneza mara ya pili.

Usiku mmoja, tulipokwisha darsa ya baada ya Maghrib, kijana mmoja katika wasomi wangu alinijia na simu yake mkononi. Ilikuwamo khabari yenye kumtaja mtu kwa jina lake kwamba ndiye muuaji, na kijana akataka niisome juu ya mimbari siku ya Ijumaa. Nikamwuliza, "Umeona wewe?" Akasema, "Hapana, Maalim." Nikamwuliza, "Aliyekuletea ameona?" Akasema, "Naye ameletewa." Nikamwuliza, "Na aliyemletea huyo?" Akanyamaza. Kisha akaniinulia uso, akasema, "Sawa, Maalim. Sasa tuogope na kunyamaza mpaka lini?"

Sikuwa na jawabu ya kumpa usiku ule. Karatasi hizi ndizo jawabu yake, nami namtaka radhi kwa kuchelewa.

Kwanza na tuujue mpaka wa ulimi. Katika Suratin-Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu watu ambao zikiwafikia khabari za amani au za khofu huzitangaza papo hapo, na lau wangalizirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka, wale wajuao kuzitoa hakika yake wangalizijua. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kuitoa hakika asili yake ni kuchimba kisima hata maji yaonekane. Ninyi mliochimba visima Ngamiani na mashambani mwajua: maji ya kwanza ni tope. Achotaye hayo akawapelekea watu wanywe, akasema haya ndiyo maji ya kisima hiki, hakusema uwongo kwa namna moja, lakini amewanywesha tope. Khabari ya siku ya kwanza katika jambo la damu ndivyo ilivyo. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kwamba mtu yamtosha kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo, yaani si lazima azue, yatosha asichuje.

Na Suratil-Israa, aya ya 36, inatukataza kulifuata tusilokuwa na ujuzi nalo, na inatukhabarisha kwamba sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa. Zamani nikiisoma aya hii nalifikiri masikio yaulizwa juu ya muziki na masengenyo. Leo naona yaulizwa pia juu ya yale yaliyoingia kwa simu yakatoka kwa kidole, pasi na kupita moyoni hata mara moja.

Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafii walikuwa wakali katika mlango huu kuliko tudhanivyo. Kumsingizia mtu kuua hakumpasishi msingiziaji ile hadi ya viboko 80, kwa kuwa hadi hiyo ni ya kusingizia zinaa. Lakini kadhi humtia adabu kwa kadiri aonavyo, nayo ndiyo taazir. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wazee wetu walikihifadhi na wengine wakakinakili kwa mikono yao, imo masala hii: mwenye kudai damu akija kwa kadhi akasema, mmoja katika watu hawa ndiye aliyemwua jamaa yangu, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi kadhi hawaapishi watu wale. Angalieni, ndugu zangu. Huyu ni mwenye damu yake, amekuja mlangoni pa kadhi, amesimama mbele ya hukumu, na dai lake halitoshi hata kuwaapisha watu wachache, kwa sababu hakumbainisha aliyeua. Basi sisi tusio na damu ile, tusiosimama mbele ya yeyote, twawezaje kusema kwamba kundi zima la watu, lenye maelfu ndani yake, ndilo lililoua?

Sheria ya serikali, ukiitazama, haikwenda mbali na hapo. Katiba ya nchi hii, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka kosa lake lithibitike. Na ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Ibara hizo mbili zakaa nyumba moja, na ugomvi baina yao si mdogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo asili yake ni ya zamani za Mwingereza, katika kifungu cha 114 inamwadhibu mwenye kusema au kuandika, hali shauri limo mahkamani, maneno yawezayo kuzipindua nyoyo za watu kwa upande wa mmoja wa wenye shauri au dhidi yake. Lishikeni sharti hilo: shauri liwe limo mahkamani. Maadamu polisi wangali wakichunguza na hapana aliyeshtakiwa, kifungu hicho hakijafika. Lakini mtu asidhani kwamba kabla ya hapo uwanja ni mtupu. Aliyetajwa kwa uwongo ana haki ya kumdai aliyemtaja kwa kumvunjia heshima yake. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamshika mwenye kutangaza kwa simu au kwa kompyuta khabari ajuazo kuwa ni za uwongo au za kupotosha, kwa nia ya kumkashifu mtu au kuwahadaa watu, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Wala sisemi kwamba kila mpaka uliowekwa na serikali ni mpaka wa haki. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka mikatazo mingi, na Mahkama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ikahukumu mwezi wa Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadha vinapingana na mkataba wa Jumuiya. Mpaka usiojulikana ulipo humtisha hata asiyetaka kuuvuka. Lakini ubaya wa ukuta mmoja hauwi ruhusa ya kubomoa nyumba ya jirani.

Tena kuna jambo ambalo watu wa baraza hawalifikiri. Katika nchi hii aliyeshtakiwa kwa kuua hana dhamana. Mahkama ya chini humsomea shtaka, wala hatakiwi kujibu neno, kwa kuwa kesi ya damu husikilizwa na Mahkama Kuu. Na mpaka upelelezi ukamilike na zamu yake ifike, yeye yumo gerezani, na pengine hupita miaka. Nimewatembelea watu Maweni. Mlango ule naujua. Jina likivuma sana mjini, mpelelezi naye ni binadamu, huvutwa na mvumo. Akishikwa asiyehusika, hapana mtu katika wale waliolivumisha jina lake atakayempelekea hata kanzu ya kubadili.

Nami siyasemi haya kama mtu aliyesalimika. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikisomesha katika chuo kimoja kidogo cha pwani hii, zilipotea fedha zilizochangwa kwa ajili ya paa la msikiti. Jioni moja barazani, kahawa ikizunguka, niliulizwa namdhania nani. Nalisema, "Mimi kwa nafsi yangu nampima fulani." Sikusema ameiba. Nalisema nampima, na nikajiona nimejihadhari. Lakini neno la mwalimu haliendi kama lilivyotoka. Lilipofika sokoni lilikuwa limekwisha kuwa hukumu, na siku ya tatu kijana yule, ambaye alikhitimu msahafu mbele yangu, alipigwa hata sikio lake moja likafa. Fedha zilikuja kuonekana mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Kijana akahamia Mombasa. Nikamfuata huko kumwomba radhi, naye akanisamehe kwa ulimi wake, lakini mkono wake hakunipa. Tangu siku hiyo neno "nampima" nimeliogopa kuliko neno "naapa".

Wazee wetu nao walikuwa na mumiani. Mwazikumbuka khabari hizo za wanyonya damu na magari mekundu ya wazima moto, watoto tukikatazwa kutoka usiku. Twacheka leo. Lakini wako watu waliopigwa kwa ajili ya maneno yale, hawana kosa ila kupita njia mahali ambapo khofu imetangulia.

Sasa tuje kwa damu yenyewe, kwani Mtume (S.A.W.) hakutuacha bila mfano wa jambo hili hili: mtu ameuawa, na muuaji hajulikani.

Abdullah bin Sahl na Muhayyisa, wote wawili Ansari, walisafiri kwenda Khaybar katika siku za shida. Huko wakaachana, kila mmoja akaenda kwa haja yake. Na Muhayyisa aliporejea akamkuta mwenziwe ameuawa, ametupwa shimoni. Khaybar walikuwa wakikaa Mayahudi, na baina yao na Waislamu palikuwapo uadui unaojulikana. Muhayyisa akawaambia, wallahi ninyi ndio mliomwua. Nao wakaapa kwamba hawakumwua. Akarudi Madina, na wakaenda kwa Mtume yeye na nduguye Huwayyisa na Abdurrahman bin Sahl, ndugu wa aliyeuawa. Abdurrahman alikuwa mdogo wao, na kwa uchungu wake akataka kusema kwanza. Mtume akamzuia, akataka mkubwa wao atangulie. Tazameni adabu hiyo: hata mwenye msiba mkubwa kuliko wote, mbele ya hukumu, maneno yake yana zamu.

Kisha Mtume akawaandikia watu wa Khaybar juu ya damu ile, nao wakajibu kwa maandishi kwamba hawakuua. Akawageukia wenye damu akawauliza: je, mtaapa viapo hamsini, mpate haki ya damu ya mwenzenu? Wale jamaa, na hapa ndipo penye sharafu yao, wakasema: tutaapaje na hali hatukushuhudia? Akawaambia: basi Mayahudi wataapa hamsini wajitoe. Wakasema: tutakubalije viapo vya watu wasioamini? Basi Mtume (S.A.W.) akatoa diya yeye mwenyewe, ngamia mia moja, wakapelekwa mpaka kwao. Sahl bin Abi Hathma, mpokezi wa hadithi hii, anasimulia kwamba ngamia jike mmoja katika hao alimpiga teke. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, nayo ndiyo msingi wa mlango wa kasama katika fiqhi yetu.

Mlango huo ni mpana, wala sitauingia wote. Imam Shafii amesharutisha iwepo alama yenye nguvu, iitwayo lawth, ambayo kwayo moyo huelekea kumsadiki mdai. Na hata ikiwepo hiyo na viapo hamsini vikaapwa, kauli yake ya mwisho ni kwamba hupatikana diya tu, wala hauawi mtu kwa kasama. Nataka mtazame mambo mawili.

La kwanza: jamaa wale walikuwa na kila sababu ya kushutumu. Uadui ulikuwapo, mahali ni pa adui, maiti imeonekana kwao. Leo mtu mwenye robo ya hayo huyaandika usiku na kuyapeleka kwa watu elfu kabla ya alfajiri. Wao wakiambiwa waape wapewe haki yao, wakasema hatukuona. Wala hakuna aliyewaambia kwamba wamemsaliti ndugu yao.

La pili ndilo lililonipatia jawabu ya yule kijana. Muuaji alipokosa kujulikana, Mtume hakuwaambia wenye damu, nendeni nyumbani mnyamaze, Mwenyezi Mungu atalipa. Alilipa. Mkuu wa dola alisimama akaibeba damu ile shingoni mwake, ngamia mia, mali isiyokuwa ndogo. Imepokewa kwa Sayyidna Ali kwamba alimwambia Sayyidna Umar, katika mtu aliyefia ndani ya msongamano asijulikane aliyemwua, kwamba damu ya Mwislamu haipotei bure, ikatolewa diya yake katika Baitul-Mali. Basi ulimi umefungwa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mwenye mamlaka amefungwa kwa kamba hiyo hiyo. Kila anayewaambia watu wasiseme muuaji ni nani, maadamu uchunguzi unaendelea, amejitwika deni la kuufikisha uchunguzi mwisho na kuwaambia watu kilichopatikana. Asipolilipa deni hilo, akawa hana neno ila kukataza, basi yeye mwenyewe ndiye anayewalisha watu uvumi. Kwani watu hawakai na swali miezi na miezi bila ya kulitafutia jawabu, na wakikosa ya kweli watakula iliyopo.

Kwa hiyo, ewe mwanangu uliyeniuliza, kuogopa na kunyamaza si jambo moja. Suratin-Nisaa, aya ya 148, inatuambia kwamba Mwenyezi Mungu hapendi kudhihirishwa maneno mabaya, akamtoa katika hukumu hiyo aliyedhulumiwa. Imam Ghazali katika Ihya, na Imam Nawawi baada yake, wamezihesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, na ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake. Tena Suratil-Israa, aya ya 33, imempa walii wa aliyeuawa kwa dhulma mamlaka ya kudai. Mjane na watoto na ndugu wakisema, tumeuliwa mtu wetu, twataka muuaji apatikane, hawakuvuka mpaka wowote. Na sisi tukisimama nao tukasema, uchunguzi umefika wapi, taarifa iliyoamriwa iko wapi, kwa nini mtu ashushwe katika basi mbele ya watu na asionekane aliyemshusha, hayo si masengenyo wala si uchochezi. Hayo ni kudai. Dua ya msikitini ni halali, barua kwa mbunge ni halali, kumwuliza mkuu wa polisi hadharani ni halali. Lisilo halali ni kuliweka jina la mtu mahali penye alama ya kuuliza.

Tena nikwambie jingine. Kila jina lisilo la kweli ni shuka la kumfunika muuaji wa kweli. Yeye akisikia watu wamegawanyika, hawa wakimshutumu Zaidi na hawa Amri, hulala usingizi mzuri. Wana wa Israili walipoiua nafsi, kisha wakasukumiana damu yake, kila kundi likilitupia jingine, hilo la kusukumiana Mwenyezi Mungu amelitaja katika Suratil-Baqara, aya ya 72, pamoja na kuua kwenyewe.

Na wenye mamlaka nao wana ndimi, wala sitawasamehe katika karatasi hii. Mwezi wa Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini waliotoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa Dar es Salaam baada ya kukamatwa na polisi, na ikatangazwa kwa watu kwamba ni majambazi. Maiti zimelala, hazina ulimi, na jina la ujambazi limekwisha bandikwa juu yake. Jamaa zao wakalia, hata Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, ikadhihirika kwamba hawakuwa majambazi. Polisi kadha wakashtakiwa. Hapo tena ulimi wa watu ukageuka, ukawahukumu wote kwa pamoja. Na Mahkama Kuu mwaka 2009 ikawaachia wote walioshtakiwa, kisha Mahkama ya Rufani mwaka 2016 ikamtia mmoja katika hatia. Watu hukasirika nikisimulia kisa hiki, kila mmoja kwa upande wake. Mimi nakisimulia kwa sababu ya jamaa za wale wanne, walioomboleza wakiitwa jamaa za majambazi. Hiyo ndiyo kazi ya neno lililotangulia uchunguzi, na lilitoka kwa wenye bunduki na mihuri, si kwa watoto wenye simu.

Lakini iko nafsi moja ambayo kuuchunga ulimi hakuihusu, bali kunyamaza kwake ni haramu, nayo ni ya aliyeona. Suratil-Baqara, aya ya 283, inakataza kuuficha ushahidi na kusema kwamba auzuiaye moyo wake una dhambi. Ndani ya basi walikuwamo watu, na barabarani walikuwapo watu. Aliyeona uso, au gari, au aliyesikia neno, huo ni amana shingoni mwake, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo, kifungu cha 7, inamwajibisha kila ajuaye khabari ya kosa kuifikisha kwa polisi au kwa mwenye mamlaka. Aifikishe kwa wanaochunguza. Asiimwage sokoni, kwani ikimwagwa sokoni wa kwanza kuiokota ni muuaji, akabadili gari na akahama nyumba. Mtaniambia: na kama mtu anawaogopa hao hao wa kupelekewa? Si swali la kipuuzi, nami sitalijibu kwa kuwasifu polisi. Iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa khabari na mashahidi. Iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyotajwa katika Katiba yenyewe. Wako mawakili, ambao siri ya mteja ni dhima yao. Mlango mmoja ukiogofya, hugongwa mwingine. Wala aende na mtu wa pili mwenye kujua alikokwenda.

Yamebaki maulizo ya mtu mmoja wa Chumbageni, aliyeniletea baada ya kusikia darsa hii: yeye alikwisha kulipeleka jina la mtu katika kundi lake la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia, na sasa amejuta, je, yamtosha kuleta istighfari?

Jawabu ni kwamba haimtoshi. Dhambi hii ina haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Ulamaa wetu wamesharutisha katika toba ya msingiziaji kwamba aseme kwa ulimi wake kuwa alilolisema halikuwa na haki, na hiyo ni katika kusingizia zinaa. La kuua ni jirani yake. Basi na arudi katika kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, aandike kwa uwazi kwamba khabari aliyoileta hakuwa na ujuzi nayo na kwamba amekosea kuileta, asijifiche nyuma ya maneno ya "nilitumiwa". Kuifuta tu bila kusema hakufai, kwa kuwa walioisoma wamekwisha kuisoma. Awatake walioipeleka mbele nao wairudishe. Na yule aliyetajwa, kama khabari imemfika, amwendee amtake radhi; kama haikumfika, mimi naona amwombee dua na kumtaja kwa kheri mahali pale pale alipomtaja kwa shari, asije akamtia majonzi mapya. Hilo la mwisho alitazame kwa hali ya mtu mwenyewe, kwani wako watu ambao kufichwa huwaumiza zaidi.

Wallahu aalamu bis-sawab.